Shangazi Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane, Mkuu wa Chumba cha Kukatia katika karakana yetu ya mavazi na mikoba ya safari atastaafu rasmi. Alianza kazi akiwa mtia vifungo, akawa mshonaji, kisha mkataji, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna koti, suruali, kofia wala mkoba uliotoka mlangoni kwetu bila kupita mikononi mwake. Uongozi, wafanyakazi na wateja wanamshukuru kwa bidii, uaminifu na ubunifu wake usio kifani.

Hiyo ni aya ya uongozi. Mkurugenzi wetu hasomi maandishi marefu kuliko lebo ya bei, kwa hiyo kuanzia hapa tuko wenyewe.

Kazini hakuna anayemwita Mkuu wa Chumba. Wote tunamwita Shangazi, kuanzia mfagiaji hadi Mkurugenzi mwenyewe, ambaye ana mvi kidevuni na bado akimwona hulegeza sauti kama mtoto anayeomba pipi. Wageni waliokuja kwenye hafla hii kwa mara ya kwanza watapenda kujua kwa nini wenyeji wanatazamana na kucheka chini chini. Ni kwa sababu wameshamuaga mara mbili. Miaka sita iliyopita alistaafu, tukala keki, akarudi. Miaka miwili iliyopita alistaafu, tukala keki, akarudi kabla makombo hayajafagiwa. Saa ya ukutani aliyozawadiwa mara ya kwanza ndiyo aliyozawadiwa mara ya pili, maana aliporudi kazini aliitundika juu ya meza ya kukatia ili wote waione, na uongozi ukaona ni ubadhirifu kununua nyingine wakati ile ipo na inakwenda.

Kijitabu cha hafla ya kwanza nilikiandika mimi, na cha pili pia. Nimeombwa kuandika hiki cha tatu nikiwa nimelala, mto mgongoni, na binti yangu akinishikia karatasi isiteleze. Mkurugenzi alikuja kuniona. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaniuliza hali bila kungoja jibu, kisha akasema, "Mwalimu, malizia tu kwa kusema kwamba Shangazi amekubali kuendelea nasi kama mshauri. Watu wakishapiga makofi, atakataaje?"

Shangazi hajakubali. Hajakataa pia, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu hajui kumkatalia mtu aliyeanza kupangusa macho. Stoo ya vifungo imeshapakwa rangi, imewekwa kiti cha kuzunguka, na mlangoni pametundikwa kibao cha Ofisi ya Mshauri. Wakati huohuo mdogo wake, anayeishi kwenye kituo cha mwisho cha reli, anapoteza macho. Daktari amemwambia kwamba kama kuna uso anaotaka kuuona, auone kabla mwaka haujaisha. Yeye akamjibu daktari kuwa uso ni mmoja tu, ila una kazi nyingi. Hilo ndilo jambo la leo. Keki ni pambo.

Sasa nieleze kazi yake, kwa sababu hata mtu anayestaafu kila baada ya miaka michache anastahili kusimuliwa.

Marehemu Mzee, baba yake Mkurugenzi na mwanzilishi wa karakana hii, alikuwa fundi wa kweli na mtu wa kanuni moja: nguo ya safari haiuzwi kabla haijasafiri. Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipia nguo nauli, aliweka mabenchi mawili uani, moja nyuma ya jingine, akayaita basi. Kila vazi jipya lilivaliwa na mfanyakazi, naye akaketi benchini tangu kufungua hadi kufunga, mzigo magotini. Mchana Mzee alipita na kopo akimnyunyizia maji: hiyo ndiyo mvua. Alasiri alikuja mtu kulitikisa benchi: hiyo ndiyo barabara mbovu. Abiria aliruhusiwa kusinzia, lakini si kuvua viatu. Jioni Mzee alisimama mbele yake na kuuliza, "Umefika?" Ukijibu kwamba kwapa linabana, au kwamba mfuko umekuchimba ubavu, nguo ilirudi kufumuliwa.

Vijarida vyetu vimesema miaka yote, "Yamejaribiwa safarini." Sentensi hiyo ni yangu. Nawaomba radhi wote waliodhani ni milimani au jangwani. Ni uani, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia.

Katika basi hilo hakuna aliyesafiri kama Shangazi. Alisafiri akiwa na mimba, alisafiri na jino linauma, alisafiri siku ambayo kila mtu alikuwa na homa na benchi zima lilikuwa ni yeye na kofia saba. Aliichukulia safari kwa uzito wake. Mtu mgeni akikaa karibu naye kwa kujitanua, alisikia, "Baba, rudisha kiwiko chako, na mimi nimelipa nauli." Mhasibu mmoja kijana alijaribu kumcheka akimwambia kuwa basi lile haliendi kokote. Shangazi alimtazama toka viatu hadi kola, akasema, "Ndiyo maana wewe umepanda bila mzigo."

Elimu yake yote aliipata pale. Aligundua kuwa mfuko wa sketi unaofikika ukiwa umesimama haufikiki ukiwa umeketi, akausogeza mbele kwa upana wa vidole vinne, na tangu hapo wanawake wengi wameacha kuinuka kitini kama wanaotafuta siafu kila kondakta anapopita. Alishona mtandio ambao asubuhi ni urembo, mchana ni kivuli, usiku ni blanketi, na ukiukunja ukaufunga vifungo vyake unakuwa mto. Alitengeneza kofia ya majani yenye uti wa kamba ndani, na mteja alipouliza kama ni imara, aliitoa mkononi mwa mteja, akaiweka kitini na kuikalia huku akiendelea kumhudumia mtu mwingine. Alipoinuka, kofia nayo iliinuka. Mteja alinunua tatu.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa uimara peke yake. Nguo mbaya ilimuudhi kama uongo. Kulikuwa na mauzo mazuri ya suruali zenye rangi ya matope, maana hazionyeshi uchafu, naye akazipiga marufuku mezani pake. "Msafiri akifika aonekane amefika," alisema, "asionekane ameokotwa." Ukiona leo abiria anashuka baada ya siku mbili za vumbi, kola imesimama, magoti ya suruali hayajavimba, na mkoba umekaa kiunoni kama ulizaliwa naye, ujue hiyo ni kazi ya mwanamke aliyekaa siku nzima akilitazama tangi la maji.

Mzee alipofariki, karakana iliangukia kwa mwanawe. Nasema iliangukia, kwa sababu sikuona mtu akinyoosha mikono kuipokea. Mkurugenzi wetu ni mtu mwenye ndoto kubwa na mchana mrefu wa kuziota. Yeye husafiri kwa suti za kununua nje. Koti letu amelivaa mara moja, kwenye picha iliyoko sebuleni kwa wageni, na ukisogea karibu utaiona bei ikining'inia mkononi.

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa koti hilo. Mfuko wa ndani aliuchora mdomo ukitazama chini. Shangazi alimuuliza kwa adabu, "Mwanangu, huu ni mfuko au ni mlango wa kutokea?" Akajibiwa kuwa kazi ya mkataji ni kukata. Akakata. Makoti mia mbili yakashonwa, kila moja na mfuko ambao ukiweka kitu ndani unakiokota sakafuni.

Mkurugenzi alipoyaona aliteremka ngazi akiwa hana damu usoni. Shangazi hakucheka, walau si mpaka alipofika stoo. Kisha akavaa koti moja, akashona ulimi wa kitambaa na kifungo kwenye ule mdomo wa chini, akaweka pochi ndani, akaenda kuketi kwenye benchi la uani. Akatangaza kuwa atakayeiba pochi bila yeye kushtuka ni yake na vilivyomo. Karakana nzima ilipita pale siku hiyo, mmoja mmoja, wakiwemo watu ambao hadi leo tunawaamini na fedha za chai. Hakuna aliyefanikiwa. Mkono wa mwizi hutafuta mdomo wa mfuko kwa juu, kama mkono wa mtu yeyote, nao kule juu haukuti kitu ila mshono. Mwenyewe akitaka chake, anafungua kifungo kwa chini na pochi inamdondokea kiganjani.

Makoti yale yaliisha kabla ya mvua kuisha. Chama cha wafanyabiashara kilimpa Mkurugenzi kikombe cha ubunifu, naye katika hotuba yake alieleza kuwa wazo lile lilimjia ndotoni. Nilikuwa nimeketi karibu na Shangazi. Aliniinamia akasema, "Hapo hajadanganya. Kweli alikuwa amelala."

Sasa tuje kwenye mikoba, kwa sababu ndiyo iliyomzuia kwenda kwa mdogo wake.

Mkoba wetu wa bega hauna bizimu wala chuma. Una kamba ya pamba iliyosukwa kwa mkono, inayopita kwenye matundu mawili ya ngozi na kuishia kwenye fundo. Fundo hilo alilibuni Shangazi. Ukivuta upande huu kamba inarefuka, ukivuta ule inafupika, ukiachia inakaa palepale hata mkoba ukijaa mawe. Linaendeshwa kwa mkono mmoja, ili wa pili ubaki na tiketi au na mtoto. Ni kitu kizuri kukitazama pia. Kimetulia kama ua lililofumba. Kijarida kilipotoka niliandika, "Fundo lisilofungika kwa mkono mwingine wowote." Niliupenda mlio wa maneno hayo. Sikufikiri kuwa kuna mtu atafungiwa ndani yake.

Alipostaafu mara ya kwanza, mdogo wake alimpakia rangi chumba. Wiki ya tatu mikoba ikaanza kuanguka. Mmoja ulimponyoka mwalimu wa kike katikati ya ngazi za kituo, na vitabu vikatangulia chini kabla yake. Mkurugenzi akatuma gari. Shangazi alikuwa anafunga sanduku, akampigia simu mdogo wake akamwambia, "Mwezi mmoja tu, niwafundishe hawa." Mdogo wake akamjibu, "Dada, wewe unawashonea watu nguo za kufika. Mwenyewe hufiki."

Akaja, akaketi na mafundi watano wa mikoba, akaweka mkono wake juu ya mkono wa kila mmoja. Mwezi ulipoisha, wote watano walikuwa wanalijua fundo. Narudia kwa maandishi, maana haijawahi kuandikwa: walilijua. Mkubwa wao, tunayemwita Fundi Mkanda, alikuwa analifunga macho yamefumbwa. Mkurugenzi alipoteremka kuuliza kama wameelewa, Fundi Mkanda alikuna kichwa na kujibu, "Bado kidogo, mkuu. Mikono yetu mizito."

Mkurugenzi alipopanda tena, fundi mmoja, mama mwenye umri wa makamo, alimgeukia. "Mizito ya nini, wewe? Jana si ulilifunga huku unakula?"

"Nyamaza. Tukilijua, anaondoka. Akiondoka, nani atapanda ngazi?"

Mama yule akafikiri, kisha akalifumua fundo lililokuwa mkononi mwake.

Wasiofanya kazi hapa waelezwe. Ofisi ya Mkurugenzi iko juu, na kila jambo zito la karakana hii lilipanda ngazi kwa miguu ya Shangazi, ambayo ina mishipa iliyovimba. Taa za kushonea zilipokufa, alipanda yeye. Mlango wa choo cha wanawake ulipokosa komeo, alipanda yeye. Fundi alipojifungua na kuambiwa arudi baada ya wiki, alipanda yeye, na tulisikia sauti kupitia dari mpaka cherehani zikanyamaza. Aliteremka na miezi mitatu. Mkurugenzi akikasirika alimkasirikia Shangazi, nasi tukashona kwa amani. Tulimpenda, nani atabisha? Tulimpenda kama mtu anavyoupenda mwavuli: mawingu yakitanda anauulizia, jua likiwaka hajui ameuacha wapi.

Kwa hiyo mwezi mmoja ukawa miaka minne. Kila mkoba ulipelekwa mezani kwake kwa ajili ya fundo la mwisho, na mafundi watano wakamtazama akilifunga kwa nyuso za watu wanaoshuhudia muujiza.

Akastaafu mara ya pili. Safari hii hakungoja gari la mtu. Asubuhi yake alikuwa kituoni, ameketi dirishani katika behewa la tatu, mtandio wake mabegani. Mkurugenzi, ambaye usiku hakulala kwa kuogopa mikoba, alimtuma Fundi Mkanda. Fundi alipita kando ya treni akichungulia dirisha kwa dirisha, mkononi ana mkoba mpya, kamba inaning'inia.

"Shangazi, tumekwama. Mikoba yote ya watalii inafunguka. Mkurugenzi analia."

Shangazi alinyoosha mkono dirishani, akaishika ile kamba, akaipapasa mwisho wake. "Nyie watu," alisema, "nikifa mtanifukua?"

Kisha akateremka. Sanduku lake lilipitishwa dirishani.

Mdogo wake alikuwa ameshika zamu kwenye kituo cha mwisho tangu mchana. Wakati huo alikuwa bado anaona vizuri. Aliwaona abiria wote wakishuka, mpaka mfagiaji wa mabehewa alipofunga milango. Jioni alipiga simu. Shangazi alikuwa mezani, sindano mdomoni, akaiweka simu wazi ili mikono iendelee na kazi, kwa hiyo tulisikia wote. "Dada, nimewaona wote waliovaa nguo zako. Walipendeza. Wewe sikukuona."

Cherehani moja ilianza, nyingine zikaifuata.

Mtu akiugua sana, watu huja kumwambia yale wasiyoweza kuwaambia wazima, kana kwamba yeye ni sanduku la posta linaloondoka. Mwezi uliopita alikuja Fundi Mkanda. Alikaa muda mrefu akisifu mashuka yangu. Mwisho akasema, "Mwalimu, siku ile ya kituoni ule mkoba haukufunguka. Niliufungua mimi. Nilisimama getini, nikaegemea nguzo, nikalifumua. Lilinichelewesha, nusura treni iondoke. Nilikuwa nimelifunga vizuri."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe.

"Atanisamehe palepale," akasema, "halafu atabaki anibembeleze."

Ni kweli. Mnamjua. Basi tukakubaliana kuwa niandike mimi, na aya hii imechapishwa kwa ruhusa yake. Wala sitamwachia mzigo peke yake. Nilikuwa nikipita kwenye meza ya mikoba wakati wa chai na kuwaona wakishindana nani atalifunga upesi, kisha wakilifumua wote kwa pamoja wakisikia viatu vya Shangazi koridoni. Nilicheka, nikaenda zangu. Na mimi nilikuwa na mambo yangu ya kupandishwa ngazi, na ni rahisi kumsifu mtu kwa maandishi mazuri kuliko kumwachia mlango wazi. Nimemsifu mara mbili, na sifa zangu zote mbili zilikuwa komeo. Sina nafasi ya kuandika kijitabu cha nne.

Sasa nawaomba nyote mtazame kijitabu mlichoshika. Ubavuni kimefungwa kwa kamba ya pamba. Vuta upande mmoja. Vuta wa pili. Achia. Mafundo hayo wameyafunga mafundi watano wa mikoba, jioni baada ya kazi, chumbani kwangu, huku wakigombana nani kavuta kamba ya nani, na Shangazi hajagusa hata moja. Mkurugenzi, jaribu na lako. Limefungwa na Fundi Mkanda. Ukitaka kulifumua utahitaji kama robo saa na nguzo ya kuegemea. Shangazi, lako nimeagiza lifungwe na yule mama. Lipapase utakavyo. Ukikuta kasoro, tafadhali kaa kimya.

Ile habari ya ngazi nayo imepangwa. Watapanda wao, kwa zamu. Wa kwanza alishapanda Jumanne kudai taa ya meza ya mwisho. Aliteremka bila taa, lakini aliteremka mzima, na wenzake walimpokea kama mtu aliyetoka vitani. Wiki ijayo watapanda wawili. Nashauri stoo irudishiwe vifungo vyake, kwa kuwa sasa vimerundikwa koridoni na watu wanateleza. Kiti cha kuzunguka apewe mhasibu; kwa muda mrefu amekuwa akitamani kwenda mahali.

Treni inaondoka Jumamosi asubuhi. Wanaomjua Shangazi watataka kujua amejiandaaje, fundi aliyevalisha nusu ya wasafiri wa nchi hii. Amenunua gauni kwa washindani wetu, duka la ng'ambo ya barabara. Ni la rangi ya njano, limemkaa vizuri sana, na halina mfuko hata mmoja. Nilipomuuliza fedha ataweka wapi, alisema, "Mwalimu, nimechoka kubebeshwa." Uongozi umeumia. Mimi nimefurahi. Njano ni rangi inayoonekana hata na macho yanayofifia, na nina hakika hakuichagua kwa bahati.

Shangazi, kwa niaba ya wote waliokuchelewesha, asante. Asante kwa magoti yasiyovimba, kwa kofia zilizoinuka, kwa miezi mitatu ya yule mzazi, kwa mara zote ulizoulizwa kama umefika ukajibu ukweli. Fundi Mkanda ameketi safu ya nyuma, anatazama viatu vyake. Mwache avitazame, usimwendee. Mkurugenzi akianza kupangusa macho, mpe leso na uendelee kutembea. Tunakuombea njia iliyonyooka, kiti cha dirishani chenye dirisha la kweli, na mtu mmoja kwenye kituo cha mwisho atakayekuona ukishuka.

Limebaki moja. Haitachukua muda mrefu utasikia nimefariki. Kuna watu hapa watakupigia simu siku hiyohiyo, watalia, watakwambia kwamba mazishi ya Mwalimu hayawezi kwenda bila wewe, na ukishafika watakuonyesha mkoba mmoja tu, mara moja tu. Usije. Nilie huko huko, siku moja inatosha, kisha mshike mdogo wako mkono mkatembee. Sanda haina mfuko, Shangazi. Huku hakuna kazi yako.